Riyadha ya mwili na riyadha ya moyo: Funzo kutoka barabara ya Mikumi

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, asafiriye kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia hupita Mikumi, wilayani Kilosa. Barabara hiyo huikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilomita 50. Malori na mabasi hupita, na tembo, twiga na nyati nao huvuka. Dereva apitaye hapo anahitaji mambo mawili kwa pamoja: mwili ulio macho na moyo uliohudhuria. Likikosekana moja, la pili halimfai. Nguvu za mikono hazimwokoi aliyezama katika mawazo ya madeni, wala nia njema haimzuii kusinzia aliyekesha kwenye usukani.

Hayo si ya madereva peke yao. Wapo leo walimu wa mazoezi wanaofundisha viungo na utulivu wa akili kwa pamoja. Huko Marekani, mtaalamu Jon Kabat-Zinn alianzisha mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, mafunzo ya utulivu kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, akichota katika mila za Kibudha. Baadhi yetu hudhani basi kwamba jambo hili ni geni kwa Muislamu.

Sivyo. Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, aliihesabu riyadha ya viungo kuwa msingi wa kuhifadhi afya. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihyaa yake aliandika sehemu nzima juu ya riyadha ya nafsi, na nyingine juu ya kuichunga na kuihesabu nafsi. Neno ni lile lile, nasi Waswahili tunalo katika "riadha". Tumelibakishia mbio na miruko tu, tukaisahau nusu yake ya pili.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa muumini mwenye nguvu ni bora kuliko aliye dhaifu, ingawa katika kila mmoja mna kheri. Alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (R.A.). Tena akamwelekeza anayesinzia katika Swala alale kwanza, asije akakusudia kuomba msamaha akajiapiza bila kujua. Tazama hekima hiyo: mwili ukichoka, moyo hauhudhurii. Ikiwa anayesimama mbele ya Mola wake ameambiwa apumzike, vipi aliyebeba roho za abiria?

Swala tano za faradhi zina rakaa 17 na sijida 34 kwa siku. Hatusemi Swala ni mazoezi; ni ibada. Lakini anayerukuu kwa utulivu na kujua anasema nini huufunza moyo kuhudhuria mara tano kila siku.

Familia ifanyeje? Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Baba, mama na watoto watembee pamoja, simu zikiwa nyumbani, ndimi zikimdhukuru Mwenyezi Mungu. Walio jirani na hifadhi wasubiri kupambazuke, kwani tembo hutoka. Dereva ashukapo Mikumi asikimbilie chai tu: anyooshe viungo, atie udhu, aswali kwa kupunguza kama sharia inavyomruhusu msafiri, na akizidiwa na usingizi alale. Kabla ya kulala usiku, kila mmoja aihesabu nafsi yake. Mwenye shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi mazito, na asiache dawa.

Mke na watoto wanaomngoja msafiri mlangoni wana haki juu ya mwili wake na juu ya uangalifu wake. Mwenda pole hajikwai.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie afya ya viungo na uhai wa nyoyo, na awarejeshe wasafiri wetu salama. Amin.