Utambulisho na Idhini katika Mlango wa Kamusi

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi kamusi iliyowekwa katika kompyuta iwezavyo kufunguliwa kwa watu wa mbali pasipo kupotewa na amana yake, na hasa kupambanua mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara, nayo ni utambulisho na idhini. Jambo hili lawahusu wanalugha kwa sababu mbili. Kwanza, kazi za kamusi siku hizi huhifadhiwa katika hifadhidata, na awezaye kuiingia aweza pia kuiharibu. Pili, mchanganyiko wenyewe kwa sehemu umetokana na maneno.

I. Mlango

Kamusi ikiwa katika seva, yaani kompyuta itoayo huduma kwa kompyuta nyingine, yaweza kusomwa kwa njia mbili. Mtu aweza kufungua ukurasa wa tovuti na kusoma kwa macho yake. Au programu nyingine, mathalani ile isahihishayo tahajia katika simu, yaweza kuuliza neno na kupewa jibu pasipo mtu kuwapo. Njia hii ya pili huitwa API, na hapa itaitwa mlango wa programu. Mwulizaji hutuma ombi kwa kanuni za HTTP, lenye anwani ya kitu kitakiwacho na neno la kitendo: GET kwa kusoma, POST kwa kuleta kitu kipya, PUT kwa kubadilisha, DELETE kwa kufuta. Seva hujibu kwa namba: 200 ni kwamba ombi limetimizwa, 404 kwamba kitu hakikuonekana, na kadhalika.

Kusoma maana ya neno hakumdhuru mtu. Kwa hiyo upande wa kusoma waweza kuachwa wazi. Lakini kubadilisha fasili, au kusikiliza sauti za wazee waliorekodiwa kwa ahadi ya siri, si haki ya kila mpita njia.

II. Maswali mawili

Mgeni afikapo hupiga hodi. Mwenyeji huuliza, "Nani?", na akisha kumjua ndipo asemapo "Karibu", au asiseme. Kumjua mgeni si kumkaribisha. Jirani ajulikanaye sana aweza kupokewa barazani asifikishwe ndani. Swali la kwanza ni la utambulisho, la pili ni la idhini, na Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa yote mawili: kutambua na kuthibitisha kwa upande mmoja, kuruhusu na kuidhinisha kwa upande wa pili.

Kanuni za HTTP zenyewe ziliteleza hapa. Namba 401, iliyokuwamo katika maelezo ya HTTP ya mwaka 1996, kwa jina lake la Kiingereza yamaanisha "asiye na idhini". Lakini kazi yake ni kueleza kwamba mwombaji hajathibitisha yu nani, na ndiyo sababu seva itoayo jibu hilo yalazimika kutaja njia ya kujitambulisha. Namba 403 ndiyo isemayo kwamba ombi limefahamika, nalo limekatazwa. Jina lile lilibaki vile vile katika maelezo ya mwaka 2022. Mfasiri alifuataye jina badala ya kazi atamwandikia mtumiaji "Huna ruhusa" mahali palipopasa "Jitambulishe kwanza", na mwenye haki ataondoka akidhani amefukuzwa.

III. Neno la siri

Utambulisho wa kawaida ni kwa neno la siri, ambalo wengine huliita nywila. Mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT, Marekani, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1961, ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo kutumia maneno hayo, nayo yaliandikwa wazi katika faili. Siku moja katika miaka ya 1960 wasimamizi wawili walikuwa wakihariri kwa wakati mmoja, huyu faili ya maneno ya siri na yule tangazo la siku. Programu ya kuhariri ilitumia faili ya muda yenye jina moja kwa wote wawili. Yaliyomo yakabadilishana, na kila aliyeingia akaandikiwa orodha nzima ya siri za wenzake. Hapakuwa na mwizi.

Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza njia iliyotumika katika mfumo wa Unix. Neno la siri hugeuzwa kwa hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, na zao lake peke yake ndilo liwekwalo. Kabla ya kugeuzwa hutiwa "chumvi", yaani herufi za kubahatisha, ili watu wawili waliochagua neno moja wasipate zao moja. Hesabu za baadaye, kama bcrypt ya mwaka 1999, zilifanywa nzito kwa makusudi ili mwenye kubahatisha achelewe.

IV. Hati ya kupita

Mtumiaji akisha kutambuliwa hupewa tokeni, yaani hati ya kuonyesha katika kila ombi, asiombwe neno la siri kila mara. Namna moja iliyoenea ni JWT, iliyowekewa kanuni mwaka 2015. Hati hiyo, kwa kawaida, hutiwa sahihi lakini haifichwi: sahihi huzuia kubadilishwa, haizuii kusomwa. Kwa hiyo haifai kuandikwa ndani yake jambo la siri, nayo yapasa kuwa na muda wa kwisha.

Hatari kubwa ni kudhani kwamba hati sahihi yatosha. Chukuliwe mfano wa mhariri aliyekabidhiwa kidahizo namba 512. Akiandika 513 katika anwani, naye akapewa kazi ya mwenzake aibadilishe, seva imeuliza swali la kwanza na kulisahau la pili. Shirika la OWASP, katika orodha zake za hatari za milango ya programu za mwaka 2019 na 2023, liliweka kosa hili mahali pa kwanza.

V. Kuuweka mlango kazini

Mambo machache hayana budi kutimizwa kabla ya kufungua. Mawasiliano yote yapite kwa HTTPS, ili tokeni isinaswe njiani. Ufunguo wa kutia sahihi usiandikwe ndani ya matini ya programu, kwani matini hunakiliwa na kugawanywa. Programu iiingie hifadhidata kwa haki zile tu inazozihitaji. Kila badiliko liandikwe pamoja na jina la aliyelifanya na saa yake, na nakala ya akiba iwekwe mahali pengine; maana fasili iliyobadilishwa kimya kimya yaweza kunukuliwa kwa miaka kabla haijagunduliwa.

Kwa upande wa istilahi, yafaa "uthibitisho" litumike kwa swali la kwanza peke yake, na "idhini" kwa la pili, katika ujumbe kwa watumiaji na katika vitabu vya mafunzo pia. Wajenzi wasomao neno moja kwa mambo mawili huelekea kujenga ulinzi mmoja mahali panapotakiwa miwili.