Hadithi Si Kupoteza Wakati

Wapo wazazi na walimu ambao, wamwonapo mtoto akisoma kitabu cha hadithi kisichotahiniwa, humnyang'anya wakidai anapoteza wakati. Huo ni upotovu. Moses, mvulana mtundu aliyebuniwa na Barbara Kimenye katika miaka ya 1960, amewachekesha watoto wa Afrika Mashariki kwa vizazi kadhaa. Mtoto amsomaye hasukumwi na mtihani, bali na hamu ya kujua iwapo Moses ataponyoka. Papo hapo, pasi na kuhubiriwa, hujifunza kuyahisi machungu ya mwenzake anayeadhibiwa.

Funzo hilo lina uzito katika kaunti kama Isiolo, wanakoishi Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengineo, na ambako ugomvi wa malisho na maji umewahi kumwaga damu. Mtoto aliyezoea kumlilia mgeni wa kitabuni hatakuwa mwepesi wa kumchukia jirani wa kabila jingine.

Tusisingizie umbali. Mwaka 1996 huduma ya maktaba za taifa ilianza kuwafikishia wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Nawe mwalimu, tenga walau kipindi kimoja kwa juma, wanafunzi wasome wakipendacho, bila maswali ya ufahamu. Udongo uwahi ungali maji.