Bafu la Wawili: Kabla ya Marumaru, Jueni Mabomba

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli kweli, Msalato si ile tena ya kuchungulia dirishani ukiwa kwenye basi la Arusha. Viwanja vimepimwa, mradi wa uwanja wa ndege wa kimataifa umeleta watu, na vijana wenye ajira mpya na pete mpya wanajenga. Sebuleni wanaelewana, jikoni wanaelewana. Kasheshe huanzia bafuni. Mmoja anataka hodhi la kujilaza kama kwenye sinema, mwingine anasema shawa inatosha. Watabishana rangi ya marumaru wiki nzima, halafu kilichoko nyuma ya marumaru wanamwachia fundi. Hapo ndipo pesa inapoliwa, maana bomba likishafunikwa na saruji, kosa dogo linarekebishwa kwa nyundo.

Hodhi au shawa?

Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka chini ya ardhi, kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Mvua ya mwaka wa kawaida ni kati ya milimita 500 na 600, na karibu yote hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo mgao si jambo geni, na nyumba inayojiheshimu ina simtanki.

Sasa pigeni hesabu. Hodhi la kawaida linameza kama lita 150, yaani madumu saba na nusu ya lita 20. Shawa inayotoa lita 8 kwa dakika, ukikaa chini yake dakika 5, ni lita 40, madumu mawili tu. Wawili mkioga asubuhi na jioni ni lita 160. Yaani hodhi moja la mtu mmoja ni sawa na kuoga kwenu wote siku nzima! Mimi sisemi hodhi ni dhambi. Kama tenki ni kubwa na mfuko unaruhusu, wekeni. Ila mengi huishia kuwa mahali pa kutunzia ndoo.

Mbona maji yanadondoka tu?

Presha ya maji ya tenki inatokana na kimo, si ukubwa wa tenki. Ili upate presha ya baa moja, maji yawe mita 10 juu ya kichwa cha shawa. Mnara wenu ukiyapandisha mita 3 tu juu ya kichwa hicho, mna baa 0.3. Kile kichwa kipana cha kumwaga maji kama mvua, mlichokipenda dukani, hapo kitalia machozi. Chagueni kilichotengenezwa kwa presha ndogo, au wekeni pampu. Na bomba linaloshuka kutoka tenkini liwe nene, inchi moja, lipunguzwe likikaribia bafu.

Halafu kuna ule ugomvi maarufu. Waifu yuko kwenye shawa ya moto, mume anavuta maji chooni, ghafla unasikia yowe. Si kusudi, jamani. Maji ya baridi yamekimbilia chooni, mikisa imebaki na ya moto peke yake. Dawa yake ni bomba la baridi la shawa litoke tenkini lenyewe, bila kuchangia na choo, na hita nayo ilishwe na tenki hilo hilo ili presha zilingane.

Chumvi na umeme

Maji ya huku ni magumu, sabuni yenyewe inakwambia. Yakichemka yanaacha chokaa. Vitundu vya shawa vikiziba, fungua kichwa, kiloweke kwenye siki saa moja, sugua na mswaki wa zamani. Kwenye hita chokaa hiyo inaganda juu ya waya wa kuchemshia mpaka unaungua.

Hapa naomba mniazime masikio. Ile shawa ya umeme inayofungwa pale pale kichwani ni rahisi na asubuhi za Julai Dodoma si mchezo, lakini inaweza kula wati 5,500, karibu sawa na birika tatu za umeme kwa pamoja. Inataka waya wake wenyewe, si chini ya milimita 4 za mraba, swichi yake ya kukata umeme, na ethi. Ardhi kavu haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo ya ethi ichimbiwe chini sana na fundi umeme aipime, asikwambie tu “iko poa bosi.” Na kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi, ulizeni dukani shawa ya maji ya chumvi. Siku ukigusa koki ukahisi vijisisimko, toka, zima mein swichi. Usimalizie kujisuuza. Watu hufa hivyo.

Mkisafiri

Chini ya tundu la maji machafu kuna trapu, bomba lililopinda na kubakiza maji kidogo yanayozuia harufu ya shimo. Wengi wenu mnaishi miji miwili, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 mnaondoka kila mkipata upenyo. Kwa ukavu wa hewa ya huku, nyumba ikifungwa wiki kadhaa maji yale yanakauka, mkirudi mnapokelewa na harufu. Kabla ya kufunga mlango, mimina jagi la maji kila tundu, na kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake, yasikauke haraka.

Mkiweka hodhi, fundi aache kimlango ubavuni cha kufikia trapu hiyo. Na kabla hajapiga plasta, pigeni picha za kila ukuta mabomba yakionekana, mkiweka futi kamba ndani ya picha. Ziwe kwenye simu zote mbili, maana bomba lina tabia ya kupasuka siku ambayo mwenye picha yuko Dar.