Fanya Picha ya Mnato Ionekane Hai Kwenye Video kwa Kutumia Simu Yako

Ukiwa kwenye basi karibu na Morogoro, chungulia dirishani. Nguzo za umeme zinapita fasta, nyumba zilizo nyuma yake zinapita taratibu, na Milima ya Uluguru kwa mbali ni kama imegoma kuondoka. Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo inayoyaambia macho kipi kipo karibu na kipi kipo mbali. Inaitwa paralaksi.

Sasa tuseme unaandaa video ya arobaini ya babu na una picha yake moja tu. Wengi huivuta karibu taratibu, basi. Siyo vibaya, ila picha nzima inakua kwa pamoja, na jicho linajua kabisa kuwa hii ni karatasi. Studio ya Walt Disney iliijua shida hiyo tangu 1937: ilichora mandhari kwenye vioo vilivyopangwa mbali na karibu na kamera, kila kioo na mwendo wake. Filamu ya The Kid Stays in the Picture ya 2002 ikafanya hivyohivyo kwa picha halisi, ikiwakata watu na kuwatenga na mandhari ya nyuma.

Wewe unaweza kufanya hivyo kwenye CapCut. Weka picha, kisha iongeze ileile juu yake kama tabaka la pili na uondoe mandhari, abaki babu peke yake.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kule chini babu bado yupo! Tabaka la juu likisogea, unawaona babu wawili, mmoja kama kivuli. Kwa hiyo picha ya chini mfute kwanza kwa programu ya kufuta vitu kwenye picha. Usihangaike isafike kila mahali. Babu wa juu anaifunika sehemu kubwa, kinachoonekana ni kingo tu.

Sasa mwendo. Mwanzoni mwa kila tabaka gusa alama ya almasi, nenda mwisho, halafu kuza: mandhari kutoka 100 hadi 104, babu kutoka 100 hadi 110. Sekunde tano zinatosha. Ukizidisha, anaonekana amekatwa na mkasi. Na kama miguu inaonekana, kata picha kuanzia magotini, la sivyo ataelea juu ya ardhi.

Kuna programu za akili mnemba zinazomfanya marehemu atabasamu au apepese macho. Mimi hizo kwenye msiba sizipendi, na angalau waulize wafiwa kwanza. Paralaksi inasogeza picha tu, sura inabaki ile waliyoijua.

Ukimaliza, itume WhatsApp kama faili, siyo kama video ya kawaida, maana ikibanwa sana kingo zote ulizohangaikia zinakuwa ukungu.