Nafasi ya Msimulizi Asiyeonekana katika Tamthilia za Kifantasia: Mtazamo kutoka Ukanda wa Dhahabu wa Geita na Shinyanga

1.0 Utangulizi

Mtunzi wa riwaya ya kifantasia hulazimika kueleza ulimwengu ambao msomaji hajawahi kuuona: historia yake, miiko yake na nguvu zinazoutawala. Kazi hiyo hufanywa na msimulizi. Riwaya inapogeuzwa kuwa tamthilia ya televisheni, msimulizi huyo ama huondolewa, ama hubakizwa kama sauti isikikayo bila mwenyewe kuonekana. Makala haya yanajadili ni wakati gani sauti hiyo husaidia. Hoja kuu ni kwamba husaidia inapotoa mtazamo usioweza kutolewa na picha; inaporudia kile ambacho jicho limekwishakiona, huwa mzigo.

2.0 Mifano Mitatu

Katika riwaya ya *A Game of Thrones* (1996) ya George R. R. Martin, kila sura hufuata macho ya mhusika mmoja. Msimulizi hana sauti yake mwenyewe. Kwa hiyo, tamthilia iliyooneshwa kuanzia 2011 haikupoteza kitu kikubwa ilipomwacha na kuipitisha historia katika mazungumzo.

*Good Omens* (1990), riwaya ya Terry Pratchett na Neil Gaiman, ni kinyume chake. Humo kejeli za msimulizi ndizo nguzo ya kazi. Tamthilia ya 2019 ilimfanya Mungu kuwa msimulizi, kwa sauti ya Frances McDormand. Bila sauti hiyo, sehemu kubwa ya kejeli ingepotea. *The Wheel of Time* (2021) imeshika njia ya kati: mhusika Moiraine anaeleza kwa ufupi mwanzoni kilichotokea zamani, kisha matukio yanaachwa yajieleze.

3.0 Mtafsiri wa Filamu na Watazamaji wa Machimboni

Mifano hiyo inachukulia kwamba mtazamaji anaielewa lugha ya tamthilia. Hali ni tofauti katika machimbo kama Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, au Mwakitolyo mkoani Shinyanga, yaliyokusanya watu wa lugha nyingi wanaounganishwa na Kiswahili. Katika vibanda vya video, maarufu kama vibanda umiza, filamu ya kigeni huweza kuoneshwa ikiwa imewekewa sauti ya mtafsiri mmoja. Sanaa hii, iliyoshamiri pia Uganda, ilipata umaarufu nchini kupitia Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Krings (2015) ameonesha kuwa watafsiri wa aina hii hawaishii kwenye maneno ya wahusika; hueleza, hutania na kuifasiri hadithi kwa mifano ya nyumbani.

Mtazamaji wa Usukumani si mgeni wa usimulizi huo. Hadithi ya Shing'weng'we, dude lililowameza watu wote hadi kijana Masala Kulangwa alipoliua na kuwatoa, imerithishwa kwa mdomo wa msimulizi mbele ya hadhira. Kwa hadhira iliyolelewa hivyo, zimwi lisiloelezwa na mtu ndilo geni zaidi. Hoja ya Kozloff (1988), anayeitetea sauti ya msimulizi dhidi ya wanaoiona kuwa udhaifu wa filamu, inapata nguvu hapa.

Hata hivyo, mtafsiri huzungumza juu ya sauti asilia. Muziki, ukimya na baadhi ya mazungumzo hufunikwa. Aidha, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu tafsiri yake. Ubunifu wa mtafsiri hauifuti haki hiyo, wala ukiukaji wa haki hiyo hauufuti ubunifu. Mtafiti anapaswa kuyapima mawili haya kila moja kwa kigezo chake.

4.0 Hitimisho

Swali la iwapo sauti ya msimulizi inafaa haliwezi kujibiwa kwa kuitazama tamthilia pekee. Mhakiki aanze na riwaya: je, msimulizi wake ana msimamo unaostahili kusikika? Kisha aitazame hadhira: je, imezoea kuonyeshwa au kusimuliwa? Tasnifu inayomhesabu mtafsiri wa kibandani kuwa kelele tu juu ya filamu itakuwa imeliacha swali la pili bila kujibiwa.