Kazi ya Kungoja: Mtayarishaji Huru wa Dokumentari na Nyanda za Mbozi

Dokumentari, ambayo watangazaji wengi wa Tanzania huiita makala, ni filamu inayojengwa kwa watu halisi na matukio yaliyotokea au yanayoendelea kutokea, na mtayarishaji wake, yaani mtu anayelibeba wazo tangu likiwa maandishi hadi linapooneshwa hadharani, huitwa huru pale ambapo hakuna kituo cha utangazaji, wizara wala shirika lililomwajiri na kumwelekeza la kusema. Uhuru huo huelezwa mara nyingi kana kwamba ni suala la fedha peke yake. Ukitazamwa kutoka kata ya Hasamba, wilayani Mbozi katika Mkoa wa Songwe, huonekana zaidi kuwa suala la muda, yaani nani anaweza kungoja mpaka watu waseme wanachotaka kusema, na nani hulazimika kuondoka jua likizama kwa sababu gari alilokuja nalo ni la kukodi.

Songwe ni mkoa mchanga, uliozaliwa mwaka 2016 baada ya Mkoa wa Mbeya kugawanywa, na kwa Watanzania wengi sura yake ni moja tu: msururu wa malori unaosubiri kuvuka Tunduma kuelekea Nakonde, upande wa Zambia. Msururu huo ni rahisi kupigwa picha, na ndiyo maana kamera huufuata. Maisha ya Wanyiha wa nyanda za Mbozi, wenye kahawa yao, lugha yao na kumbukumbu zao, hayajipangi kando ya barabara kuu namna hiyo.

Tabia ya kumpiga picha mwanakijiji bila kumuuliza ina mizizi mirefu katika nchi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio ya sinema kwa Waafrika uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ambapo filamu za kufundisha kilimo na afya zilitengenezwa na kisha kuzungushwa vijijini kwa gari. Waafrika walionekana ndani ya picha, lakini somo lilikuwa limekwisha kuamuliwa na wengine. Baada ya uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968 ikiwa mali ya umma, na kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, kwa kizazi kizima mtu mwenye dokumentari yake binafsi hakuwa na pa kuionesha. Leo kamera zimeshuka bei, ila mazoea hayajafa: watayarishaji wengi wanaojitegemea huishi kwa makala za miradi, zile ambazo kiongozi hufungua kisima, mama mmoja hushukuru, na muziki hupandishwa sauti.

Mada zenye uzito hazikosekani Mbozi. Wanyiha walikuwa wayeyushaji wa chuma, waliotumia matanuri marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, na ufundi huo ulififia kadiri majembe ya viwandani kutoka nje yalivyozidi kuenea. Mtayarishaji anayeitaka habari hii hukutana mara moja na swali gumu la dokumentari, nalo ni namna ya kuonesha jambo ambalo halifanyiki tena. Mkoani Kagera, wazee wa Kihaya walirudia kazi ya kuyeyusha chuma kwa ajili ya utafiti wa mwanaakiolojia Peter Schmidt, na filamu iitwayo The Tree of Iron ikatoka mwaka 1988. Njia hiyo huitwa uigizaji wa marejeo, yaani kulifanya tena tendo la zamani mbele ya kamera, na uhalali wake hutegemea mtazamaji kuambiwa waziwazi kwamba anachokiona kimeandaliwa. Asiyesema hivyo huwa ametunga hadithi, hata kama kila pigo la nyundo ni sahihi.

Mada nyingine ni chungu zaidi. Vijiji vya Songwe vimewahi kutembelewa na waganga wanaoitwa lambalamba, wanaodai kufichua wachawi, na popote wanapopita huacha majirani wasioaminiana. Mwandishi wa habari hufika, hurekodi zogo, huondoka. Dokumentari ya Kenya iitwayo The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotoka mwaka 2019, ilichukua njia tofauti: inamfuata kijana anayerudi nyumbani kwao Pwani baada ya bibi yake kutuhumiwa uchawi, na taratibu inabainika kwamba nyuma ya tuhuma hiyo kuna ardhi. Jambo kama hilo halitamkwi siku ya kwanza. Hujitokeza pale mtayarishaji anapokuwa amekunywa chai katika nyumba ile mara nyingi kiasi kwamba kamera haishangazi tena.

Hapo ndipo ridhaa inapohitaji kueleweka vizuri. Kisheria, kazi huanza kwa kibali cha Bodi ya Filamu, kinachotokana na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, kisha hufuata barua ya utambulisho inayoshuka kutoka wilayani hadi kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji. Yote hayo humruhusu mtayarishaji kuingia kijijini. Hayampi ruhusa ya mzee anayehojiwa. Mzee hukubali kwa kuelewa picha itakwenda wapi, na akiwa ametuhumiwa jambo la hatari, fomu yenye alama ya dole gumba haimlindi pindi sura yake inaposambaa kwenye simu za jirani zake.

Fedha za kungojea hupatikana kwa shida. Nairobi kuna Docubox, mfuko ulioanzishwa na Judy Kibinge kwa ajili ya dokumentari za Afrika Mashariki, ambako mtayarishaji huwasilisha wazo lake na kulitetea mbele ya waamuzi kabla ya kusaidiwa. Njia nyingine ni kumpa kamera mwenye kisa. Katika Thank You for the Rain ya mwaka 2017, Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alirekodi mwenyewe kwa miaka kadhaa ukame, mafuriko na maisha ya nyumba yake, akitajwa kuwa mshiriki wa uongozaji pamoja na Julia Dahr wa Norway.

Lugha ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Bibi anayehojiwa kwa Kiswahili hujibu kwa adabu na kwa ufupi. Akiulizwa kwa Kinyiha, hueleza, hucheka, hukosoa swali lenyewe. Mtayarishaji asiyeijua lugha hiyo huhitaji mkalimani anayeheshimika nyumbani hapo, na maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha yanastahili kusomwa na mtu wa pili kabla ya uhariri kufungwa. Ndiyo maana watayarishaji makini hurudi kijijini na nakala ambayo haijakamilika, jenereta na shuka jeupe, kwa kuwa wazee watakaolitambua neno lililopotoshwa wako Hasamba, na kulirekebisha neno hilo kabla ya sauti kuchanganywa hakugharimu chochote.