Je, Wajua? Njia ya Skii Huchaguliwa Jioni, Mezani

Je, wajua kwamba mteremko unaotisha zaidi kwa macho sio unaoua zaidi? Katika milima ya Alps, mabamba mengi ya theluji hubanduka penye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Chini ya hapo theluji kwa kawaida hutulia. Juu zaidi ya hapo hupukutika kila inaponyesha, isipate nafasi ya kurundikana. Balaa liko katikati, na katikati ndiko kunakonogea skii.

Je, wajua kwamba mwinamo huo hupimika kwa rula, ukiwa umekaa na kikombe chako cha chai? Kwenye ramani ya Uswisi ya 1:25,000, kontua za milimani hupishana kwa mita 20 za kimo. Zikiachana kwa milimita 1.4, hizo ni nyuzi 30. Zikibanana zaidi, mteremko ni mkali zaidi. Asiyependa rula hufungua ramani ya serikali mtandaoni na kusoma rangi: njano huanzia nyuzi 30, chungwa 35, nyekundu 40, zambarau 45.

Ramani, hata hivyo, haina habari za upepo. Upepo huzoa theluji upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuirundika upande wa pili. Mteremko waweza kuelemewa usiku mmoja bila hata chembe mpya kunyesha.

Je, wajua ni namba ipi ya hatari inayoua zaidi? Taasisi ya utafiti wa theluji ya SLF, yenye makao yake Davos, hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji kila siku ya majira ya baridi saa 11 jioni, kwa vipimo vya daraja 1 hadi 5. Jibu si 5. Daraja hilo hutangazwa kwa nadra, na likitangazwa watu hawatoki. Ni 3. Hutangazwa karibu theluthi moja ya siku za msimu, na takriban nusu ya vifo vya Uswisi hutokea siku hizo. Kwa maoni yangu kosa liko kwenye hesabu yenyewe: tatu kati ya tano husikika kama shwari ya kadiri, kumbe ni siku ambayo mtu mmoja tu anatosha kuangusha mteremko mzima.

Kiongozi wa milima Werner Munter, Mswisi, aliwapa watu kanuni ya kukaririka: daraja la 2, kaa chini ya nyuzi 40, la 3, chini ya 35, la 4, chini ya 30. Daraja la 3 likitangazwa, kinachopimwa si pale skii zako zilipo tu, bali mteremko wote, hadi sehemu yake kali kuliko zote. Kwa nini wote? Kwa sababu unaweza kuwa umesimama penye tambarare, chini kabisa, na uzito wako ukavunja tabaka dhaifu lililofichika; ufa ukakimbia kupanda, na bamba likakushukia kutoka juu. Wakati mwingine tabaka hilo likivunjika hutoa mvumo mzito, kama pumzi ya mnyama mkubwa. Ukiusikia, geuka.

Na poromoko la theluji si mkosi wa kimaumbile tu. Katika ajali nyingi za wateleza skii, aliyeliangusha poromoko ni mhanga mwenyewe au mwenzake.

Je, wajua kwamba msitu si ngao ya uhakika? Miti ikikuachia nafasi ya kupita na skii kwa raha, theluji nayo itapita.

Je, wajua kwamba anga la usiku lisilo na mawingu ni rafiki wa safari za machipuko? Theluji iliyolainika mchana hupoteza joto lake angani na kuganda hadi alfajiri. Mawingu huifunika kama blanketi, ikabaki tepetepe. Ndiyo maana watu hutoka kwenye vibanda vya mlimani gizani, na njia inayotazama mashariki humalizwa mapema kuliko inayotazama magharibi.

Muda nao huhesabiwa. Chukua kilomita, ongeza kimo cha kupanda kilichogawanywa kwa mita 100, kisha gawanya jumla kwa 4. Kilomita 6 na mita 1,200 za kupanda: 18 kwa 4, yaani saa nne na nusu, bila mapumziko wala ubishi.

Je, wajua kwamba mwandishi wa Sherlock Holmes, Arthur Conan Doyle, alivuka kwa skii kutoka Davos hadi Arosa mwezi Machi 1894? Aliongozwa na ndugu wawili wa ukoo wa Branger. Palipokuwa pakali mno aliteremka kwa makalio, na suruali yake ikalipa gharama.

Je, wajua kwamba skii zimewahi kufika Kibo? Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda nazo Kilimanjaro na kuzitumia kushukia. Barafu ya Furtwängler kileleni ina jina la huyo wa kwanza.

Mwisho, njia yaweza kuwa salama na bado ikawa haramu. Uswisi imetenga maeneo ya utulivu kwa wanyamapori, maana mnyama anayekurupushwa wakati wa baridi huteketeza akiba ya mafuta asiyoweza kuirudisha hadi majani yaote. Mipaka iko kwenye ramani ileile ya rangi, na anayeivuka hutozwa faini.